Mtihani Wameshinda, Fomu Imewashinda

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kambini kwetu husikika vigelegele katika nyumba tatu au nne. Wengi hudhani kwamba nyumba hizo ndizo zitakazopeleka mtoto chuo kikuu. Sisi wa halmashauri ya tawi, baada ya kuyatazama mambo haya kwa miaka kadhaa, tumeona kwamba sivyo. Vyuo vinapofunguliwa, mmoja kati ya wale walioshangiliwa huwa amekwenda, na wenzake wako shambani wanakata miwa pamoja na baba zao, karatasi zao za matokeo ziko ndani ya bahasha chini ya godoro. Watoto hao mtihani waliushinda. Kilichowashinda ni fomu ya kuombea chuo.

Tunawaandikia wenzetu wa mashamba ya miwa na chai, na wa viwanda vya nguo, vya saruji na vya sabuni, katika Uganda yetu hii, kwa sababu tunaamini kwamba jambo hili ni la chama. Haifai kuachiwa bahati ya kila mzazi peke yake.

Yafaa kwanza tukumbushane njia yenyewe ilivyojengwa. Mwaka 1997 serikali ilifungua elimu ya msingi bila ada. Mwaka 2007 ikafuata sekondari, na mwaka 2012 kidato cha tano na cha sita katika shule zilizowekwa kwenye mpango huo. Tunasema "bila ada" kama ilivyoandikwa, ingawa kila mzazi anajua bei ya sare, ya chakula cha mchana, na ya ile michango ambayo kila muhula huja na jina jipya. Hata hivyo milango hiyo mitatu iliwafikisha watoto wa wakata miwa mahali ambapo baba zao hawakuota kufika. Baada ya hapo njia huwa nyembamba ghafula. Waliojiandikisha kwa mtihani wa kidato cha sita mwaka 2023 walizidi 100,000, na nafasi ambazo serikali imekuwa ikizilipia katika vyuo vikuu vyake kwa miaka mingi ni kama 4,000 tu kwa mwaka. Kiasi cha robo tatu hugombewa na nchi nzima kwa alama. Zilizobaki, tangu mwaka 2005, nyingi hugawiwa wilaya, na chache huwekwa kwa ajili ya walemavu na wanamichezo.

Mtoto wa mwanasheria wa Kampala na mtoto wa mchuma chai wa Fort Portal hugombea nafasi hizo hizo. Hatukubali kwamba tofauti yao ni akili. Mtoto wa mwanasheria ana mjomba aliyepita Makerere, na shuleni kwake yuko mwalimu anayezijua fomu hizo kama sisi tunavyoyajua mapanga yetu. Mtoto wa mchuma chai ana baba anayejua kusoma mizani ya majani, basi.

Sasa tuingie katika jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka lilipotuumiza. Tulidhani kwamba chuo hujumlisha alama za mtoto, kisha huwapanga waombaji kwa jumla hiyo. Hesabu haiendi hivyo. Alama A huhesabiwa 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Lakini kila kozi hutaja masomo yake. Masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi hiyo huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, na yale madogo kama karatasi ya maarifa ya jumla huzidishwa kwa 1. Hesabu hiyo wenyewe huiita uzito.

Tuchukue mwanafunzi aliyepata A katika Jiografia, C katika Uchumi na D katika Hisabati. Akiomba kozi ambayo masomo yake ya lazima ni Jiografia na Uchumi, atapata 18, na 12, na 6, yaani 36. Akiomba kozi inayotaka Uchumi na Hisabati kwanza, na Jiografia iwe ya tatu, atapata 12, na 9, na 12, yaani 33. Mtoto ni yule yule na matokeo ni yale yale. Alama tatu zimepotea bila kukosea swali hata moja. Ili msomaji aone ukubwa wa alama tatu, akumbuke kwamba msichana anayeomba Makerere huongezewa alama 1.5 tangu mwaka 1990, na nyongeza hiyo imewaingiza wasichana wengi ambao wangebaki nje. Mstari wa kuingia au kutoingia huchorwa kwa desimali.

Kwa hiyo anayesema kwamba atamsaidia mtoto matokeo yakitoka, amechelewa miaka miwili. Masomo matatu huchaguliwa baada ya kidato cha nne. Msichana anayeacha Kemia hapo kwa sababu rafiki yake ameiacha, ameshaufunga mlango wa udaktari na wa shahada ya uuguzi, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akifunga kitu. Mama yake alikuwa zamu ya usiku. Baba yake alifurahi tu kwamba amepata shule.

Hatuandiki haya kama watu wasio na kosa. Miaka michache iliyopita alikuja ofisini kwetu kijana wa mkata miwa mmoja, mpole, mwenye alama nzuri lakini zisizo za kutisha. Tulikuwa wazee watatu na karani mmoja. Kila mmoja wetu alimtakia makuu. Mmoja akasema udaktari, mwingine sheria, wa tatu uinjinia. Kijana alitaka kusomea kilimo, akataja Busitema, akasema kwa sauti ndogo, "Wazee wangu, mimi napenda mambo ya mitambo ya shamba." Tulicheka. Tulimwambia kwamba shamba analo hapa, haina haja ya kulifuata chuoni. Akatuheshimu, akajaza nafasi zote kwa kozi tulizozitaja sisi, zile ambazo nchi nzima huzigombea. Alikosa zote. Akaitwa katika kozi moja ya kulipia mwenyewe, kwa ada ambayo baba yake hangeipata hata angekata miwa ya shamba zima peke yake. Leo kijana huyo yuko kwenye mizani ya lango la kiwanda, anaandika uzito wa matrekta. Akituona hutusalimia kwa adabu ile ile, na hilo linatuumiza kuliko angetutukana.

Tangu siku hiyo tuliweka sharti katika tawi letu: mlezi hamchagulii mtoto. Kazi yake ni kumwonyesha mtoto hesabu, kumwuliza anapenda nini, na kuhakikisha kwamba kati ya nafasi anazojaza iko moja ya kujaribu bahati, ziko zinazolingana na alama zake, na iko moja ambayo hata mambo yakiharibika ataipata. Kisha anyamaze. Kunyamaza ni kugumu sana kwa wazee, tunakiri.

Wazazi nao wana ugonjwa wa majina makubwa. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe mwenye alama moja ya prinsipo na mbili za sabsidiari aweza kuanza stashahada katika chuo cha ufundi, kisha akiimaliza vizuri aweza kuomba shahada kwa njia ya stashahada, hukuangalia kama uliyemtukana ukoo. Lakini mzazi huyo huyo mtambo ukikwama kiwandani humkimbilia fundi wa umeme, na anajua vizuri kwamba fundi huyo, katika kiwanda chetu, analipwa kuliko karani mwenye tai.

Liko jambo jingine ambalo nadhani halipo kwa watoto wa mjini, nalo ni majina. Mashamba yetu, tangu zama za Mwingereza, yalijazwa watu waliotoka mbali: West Nile, Kigezi, Ruanda-Urundi. Mtu alifika, nyapara akashindwa kulitamka jina lake, akamwandika jina lililo jepesi. Jina hilo likaingia katika kadi ya kazi, likaingia katika daftari la zahanati, na mtoto alipozaliwa akapewa. Shuleni mwalimu akaliandika kwa herufi nyingine. Katika cheti cha mtihani likawa na mpangilio mwingine, na katika kitambulisho cha taifa likawa la nne. Baba wa watoto sita mmoja kambini kwetu ana watoto wenye majina ya ukoo matatu tofauti, na wote ni wa mke mmoja! Tulikuwa tukilicheka jambo hili. Hatulicheki tena, kwa sababu afisa wa chuo au wa mikopo anayeona cheti kina jina hili na kitambulisho kina jina lile hana haja ya kujua historia ya manamba. Huliweka faili pembeni. Kurekebisha jina kwa kiapo mbele ya wakili na kwa ofisi ya vitambulisho huchukua majuma mengi, na muda wa kuomba haumngoji mtu. Tunawasihi wazazi wenye watoto wa kidato cha pili na cha tatu wazitoe karatasi zote leo, wazipange mezani, walinganishe herufi kwa herufi.

Kadhalika ile sehemu inayouliza wilaya ya nyumbani. Baba ametoka Arua, mtoto amezaliwa Jinja, lugha anayoijua zaidi ni Kiswahili cha kambini. Aandike nini? Wengine huandika ile wanayosikia kwamba ina nafasi rahisi, na hilo ni hatari, maana majina ya nafasi za wilaya huhakikiwa wilayani, na asiyejulikana huko hufutwa. Mtoto na mzazi waende mapema kwa afisa elimu wa wilaya wanayokusudia kuiandika, waulize wakiwa na karatasi zao mkononi. Safari hiyo ni ya gharama, lakini ni nafuu kuliko kupoteza mwaka.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi. Bodi ya mikopo ya wanafunzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mtoto hana budi awe amekwisha pokewa katika kozi yenye kibali ndipo aombe. Mkopo hulipa ada ya masomo, malipo ya chuo na ya utafiti. Haulipi chakula wala mahali pa kulala. Wazazi wengi huugundua ukweli huu siku mtoto anapopanda basi na sanduku lake. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa hiyo usiulinganishe mkopo huu na ule wa mkopeshaji wa kambini anayekuja Jumamosi kuchukua redio. Mwenye miaka 45 aliyeweka akiba katika hazina ya wafanyakazi kwa miaka 10 anaruhusiwa, kwa marekebisho ya mwaka 2022, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Tumewaona waliozichukua fedha hizo wakamlipia mtoto hosteli, na tumewaona waliozichukua wakanunua pikipiki iliyokufa kabla ya Krismasi. Kila mtu na busara yake.

Jihadharini pia na wanaojiita mawakala. Maombi siku hizi hufanywa kwa intaneti, na karibu na kila kambi pameota vibanda vyenye kompyuta. Wengine ni vijana waaminifu. Lakini katika mji wetu mdogo mwenye kibanda mmoja alijaza maombi ya wanafunzi kadhaa kwa kutumia namba yake mwenyewe ya simu na neno la siri alilolijua yeye tu. Alipohama, watoto hawakuweza kuyafungua maombi yao tena. Mwingine alikuwa akiwauzia watu nafasi katika kozi ambayo haina kibali. Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka ilipoonekana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vinavyoheshimika, muda wa kibali chake umepita. Orodha ya kozi iko wazi katika baraza la taifa la elimu ya juu, na kuitazama hakuhitaji wakala. Mtoto atumie namba yake au ya mama yake, na neno la siri aliandike katika daftari linalokaa nyumbani.

Tulipolileta suala hili katika mkutano wa tawi, mwenzetu mmoja wa idara ya kuchemshia sukari alisimama akasema, "Ndugu Katibu, tulikuchagua utupiganie mishahara, hatukukuchagua uwe mwalimu mkuu." Watu walipiga makofi, na sisi tuliona kwamba wana haki ya kupiga. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haitoshi chakula cha siku mbili kwa nyumba yenye watoto. Mswada wa kukibadili ulipitishwa na Bunge mwaka 2019 na Rais akakataa kuutia sahihi. Chama ambacho kingesahau vita hiyo kwa ajili ya fomu za shule kingestahili kulaumiwa.

Lakini tulimjibu mwenzetu hivi: mshahara ukiwa mdogo kiasi hicho, mtoto wa mfanyakazi ana nafasi moja tu ya kukosea, na wakati mwingine hana hata hiyo. Mtoto wa tajiri akikosea fomu, baba yake hulipa ada ya mwaka, mambo yakaisha. Sisi tukikosea, kijana huenda kwenye mizani. Na kusoma karatasi ngumu ndiyo kazi yetu chamani. Tunasoma mikataba yenye kurasa nyingi, tunatafuta neno ambalo mwajiri amelificha katika kifungu cha mwisho. Fomu ya chuo si ngumu kuliko mkataba. Tatizo ni kwamba hatujawahi kuigeuza kuwa shughuli ya tawi.

Mwingine aliuliza kwa nini tuwasomeshe watoto ambao wakisoma hawatarudi. Kweli, wengine hawarudi. Wako waliotoka kambini wakapata vyeo na hata salamu hawaleti. Hatuna jawabu la kumpendeza kila mtu hapa, ila hatuoni kwa nini mtoto afungwe kambini ili tuhakikishe kwamba anatukumbuka.

Tunapendekeza kwa matawi mengine mambo tunayoyajaribu sisi. Katika majadiliano ya mkataba ujao tumeomba siku moja yenye malipo kwa mzazi mwenye mtoto anayeomba chuo, ili aweze kwenda naye wilayani au benki bila kukatwa. Mwajiri hajakubali, na sisi hatujaiondoa mezani. Tumeomba pia kwamba kampuni inapotoa msaada wa masomo kwa watoto wa wafanyakazi, majina ya waliopewa na sababu yabandikwe ubaoni, maana mpaka sasa misaada ya aina hiyo ina mazoea ya kuishia katika nyumba za mameneja na, tuseme ukweli, katika nyumba za viongozi wa chama. Halafu iko meza. Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia wanafunzi wa kidato cha nne wanapochagua masomo hadi maombi yanapofungwa, tunaweka meza katika ukumbi wa kambi. Wanaokaa mezani ni wanafunzi wetu wenyewe walioko vyuoni, wanaporudi likizo, kwa sababu wao wameijaza fomu jana na wanaikumbuka. Wazee tunakaa nyuma. Mwalimu wa sekondari ya jirani huja akipata nafasi, na hatumlipi ila chai na mkate.

Yule kijana wa mizani tulimwita mezani Jumapili iliyopita. Hakuja kuomba, alikuja kusaidia kusoma alama, kwa kuwa hesabu za uzito anazijua kuliko sisi. Walipomaliza, msichana mmoja wa chuo alimwambia kwamba vyuo vikuu huwapokea watu wazima wa miaka 25 na zaidi kwa mtihani wao maalum, na kwamba aliyekwisha fanya kazi hukubaliwa kuujaribu. Kijana ana miaka 24. Ameandika tarehe hiyo nyuma ya daftari la mizani, na katibu wa tawi ameandika katika lake.